Jumatatu Iliyonikuta Ikweta

Kwanza tuelewane: sikulia. Video mliyotumiwa, ile yangu nikiwa kwenye mstari wa Ikweta, ina sekunde 14 tu, na ile sauti ya kilio mwishoni ni ya mtoto wa shule aliyenyimwa soda. Pili, na hili ndilo limenifanya niandike kabla hata ya chai: sikuwa nimeivaa tangu Jumatatu. Tutafika huko, msinikimbize.

Aliyeisambaza mnamjua. Tunamwita Spika, na si yule wa bunge, ni ile ya harusini ambayo ikiwashwa kijiji kizima hakilali. Yeye amewasimulia kwamba nilianguka, nikazirai, nikafunikwa na mabeseni. Beseni lilikuwa moja.

Mnaonifuata siku nyingi mnaujua ugonjwa wangu: vibao. Sipiti kibao cha barabarani bila kukipiga picha. Ninayo picha ya geti moja nje kidogo ya Kampala, limeandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI, na nyuma yake nguo za watoto zimeanikwa na mama anamenya ndizi. Mgeni atashangaa mtu anatangazaje kwamba hauzi nyumba anayolala. Sisi hatushangai. Safiri wiki mbili tu uone: tapeli anamleta mnunuzi, wanakagua mpaka chumba chako cha kulala, na wewe ukirudi unamkuta mtu mwenye hati mpya anakuuliza unamtafuta nani.

Ninacho cha tembo, ile pembetatu iliyo kwenye barabara ya Mbarara kwenda Kasese, pale inapokatiza Hifadhi ya Queen Elizabeth. Nilishuka kukipiga picha, jambo ambalo halifai na msiniige, nikakanyaga mavi ya tembo yakiwa bado ya moto. Hicho ndicho kibao pekee nchini ambacho sijawahi kukishuku. Ninacho pia cha tuta, kilichosimikwa hatua kumi baada ya tuta lenyewe, ili ujue ni nini kilichokugongesha kichwa kwenye paa la gari.

Basi Jumamosi tulikuwa tunakwenda Mbarara kwenye kuhingira, ile sherehe ya Wanyankole ya kumtoa binti aolewe, ya kijana wetu wa Busia. Watu tisa ndani ya gari la kukodi, zawadi nyuma, kuku wawili chini ya kiti. Mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa upande wa muoaji, kwa hiyo kanzu yangu ilikuwa imepigwa pasi ikakunjwa begini, nisiichafue njiani. Njiani nilivaa suruali. Suruali yenyewe ni ya mivumba, yaani mitumba, rangi ya majivu, kiunoni inanikaa sawasawa, mapajani tunavumiliana. Mke wangu aliitazama asubuhi akasema, "Baba Watoto, hiyo suruali ina siri." Nikacheka. Ningejua ni siri gani nisingecheka.

Tulipopita Buwama nikaanza kumwambia dereva apunguze mwendo. Gari zima likaguna. Spika akasema, "Haya, mgonjwa wa vibao ameanza." Lakini jamani, ni Kayabwe! Kilomita kama 72 kutoka Kampala, kibao kikubwa kuliko vyote: lile duara jeupe la zege kando ya barabara, mstari wa Ikweta chini, maduka ya vinyago na vitenge pembeni. Kampala iko kaskazini ya mstari, Mbarara kusini. Mtu anavukaje kutoka kizio kimoja cha dunia kwenda kingine amelala kwenye kiti, mdomo wazi?

Wakakubali dakika kumi. Dereva akasema anakwenda mbele kujaza upepo tairi moja. Akaondoka na gari. Na begi. Na kanzu. Hapo ndipo mngenishika mkono kama kweli mnanipenda.

Kuna kijana pale mwenye mabeseni matatu, moja kaskazini, moja kusini, moja juu ya mstari wenyewe. Kila beseni lina tundu katikati. Anamimina maji, anatupia ua dogo, na huku linazunguka upande mmoja, kule upande wa pili, kwenye mstari linashuka moja kwa moja. Watu wanapiga makofi, wanalipa. Mimi nikaona nisinyamaze. Nikamweleza, kwa sauti ya mtu aliyefaulu Jiografia mwaka ambao darasa zima lilianguka, kwamba nguvu ya Coriolis, ile inayotokana na kuzunguka kwa dunia, ni ya kuzungusha dhoruba zenye upana wa mamia ya kilomita, na hatua chache kutoka kwenye mstari haiwezi kulipindua hata ua. Maji yanazunguka kwa jinsi unavyoyamimina, nikasema. Ni ukweli, na leo bado nausimamia. Lakini nilimwambia mbele ya wateja wake.

Kijana hakukasirika. Alitabasamu vizuri sana. Akasema, "Sawa, mwalimu. Basi simama hapa tukupige picha."

Wakati huohuo basi likasimama, wakashuka watoto wa shule, kama arobaini hivi, sare za bluu, daftari mkononi, mwalimu wao na filimbi shingoni. Sikuwajali. Nikaingia ndani ya duara.

Sasa nendeni nami polepole, maana Spika amelipita hili mbio.

Nikaelekea mashariki, kwetu Busia. Mguu wa kushoto kizio cha kaskazini, wa kulia kizio cha kusini. Spika akainua simu. "Mstari hauonekani, panua kidogo." Nikapanua. "Kidogo tena." Nikapanua. Yule kijana wa mabeseni akaingilia, kwa upole uleule: "Mwalimu, wazungu huwa wanapanua zaidi ya hapo."

Bannange, jamani. Mtu mzima, miaka 43, nikashuka chini kama fundi anayepima sakafu.

Ikasikika *tk*. Ndogo tu, kama mtu anayekata uzi kwa meno. Nikajiambia ni goti, maana goti langu lina tabia hiyo. Ikaja *tk* ya pili. Hapo mwenye akili anasimama. Lakini Spika akapaza sauti, "Sasa mikono juu!" na mimi, mtiifu, nikainua mikono yote miwili kwa Mungu.

*Praaaaaa.*

Ilianzia kwenye zipu, ikapita chini, ikapanda nyuma hadi mkandani bila kupumzika. Na ikafuata mstari wenyewe, wasomaji wangu, mashariki kwenda magharibi, kama imepimwa na mtu wa ramani. Mguu mmoja wa suruali ukabaki kaskazini, mwingine kusini, kila mmoja na serikali yake. Kilichobaki kuziunganisha ni mkanda tu. Upepo ukaingia. Hapo sitaeleza zaidi, mama yangu anasoma ukurasa huu.

Nikataka kusimama. Paja likakataa, msuli ukakaza. Pale Ikweta dunia inazunguka kwa kasi ya kilomita kama 1,670 kwa saa, na hakuna hata mtu mmoja aliyetikisika isipokuwa mimi, nimechuchumaa, mikono juu, natetemeka. Na watoto walikuwa nyuma yangu.

Lazima nikatize kidogo niwaeleze kuhusu boksa. Mwezi uliopita nilinunua pakiti ya boksa saba, kila moja imeandikwa siku yake nyuma, kwa Kiingereza, herufi nyeupe kubwa kama za lori la mafuta. Nani ana muda wa kuzipanga? Mimi navaa inayokuja juu. Zinafuliwa! Zote zinafuliwa, muulizeni mke wangu. Jumamosi hiyo iliyokuja juu ilikuwa ya Jumatatu.

Turudi. Kukawa kimya. Kisha sauti ya mtoto wa kike, ya yule anayekaa dawati la mbele na kusoma kila kitu anachokiona: "Mwalimu! Imeandikwa Jumatatu!"

Mwingine, mpole, akasema, "Lakini leo ni Jumamosi."

Kimya cha pili kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza. Niligeuza shingo, nikaona vidole vinahesabu. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Walipofika Jumamosi vilikuwa sita, na kila mwenye vidole sita alinitazama kwa huruma ambayo sijawahi kutazamwa nayo, hata nilipofiwa. Mwalimu akapuliza filimbi: "Watoto, tazameni mstari!" Wakautazama mstari. Mimi nilikuwa juu yake. Wachache wakaanza kuandika kwenye daftari, na mpaka leo najiuliza waliandika nini.

Halafu kuna jambo linaloniuma zaidi. Ikweta ina urefu wa kilomita 40,075. Inapita misitu ya Kongo. Inapita juu ya Ziwa Victoria, hakuna mtu, sangara tu. Kule njia ya Kasese kuna duara jingine kama lile, na tembo hawasomi. Ningeweza kupasukia popote pale.

Aliyeniokoa ni yule kijana. Aliona nimekwama, akaacha kutabasamu, akachukua beseni la kusini, akalimwaga maji, akanifunika nalo nyuma. Alifanya hivyo kwa moyo safi, namshukuru. Ila mnakumbuka nilisema kila beseni lina nini katikati.

"Bado inasomeka herufi moja," Spika akatangaza.

Mama mmoja wa duka la vitenge akaja mbio, "Bambi ssebo, kitalo!" yaani maskini bwana, pole sana, akanizungushia kitenge chenye picha za tembo, akanivuta juu kwa kwapa kama anayeng'oa muhogo. Akataja bei ya watalii. Sikupunguza hata shilingi. Yule wa mabeseni nikamlipa pia, onyesho zima, na nikamwambia maji yake yanazunguka vizuri sana.

Mengine ni mafupi. Gari likarudi, nikaingia wa kwanza. Spika hakusema neno kuanzia Kayabwe hadi Lukaya, na mimi nikadhani amenionea huruma, kumbe alikuwa anapakia video. Lukaya sikushuka, kuku wa mchomo na gonja, zile ndizi za kuchoma, vilipita dirishani nikavitazama kama mfungwa. Kutoka hapo hadi Mbarara sikupiga picha kibao hata kimoja. Tulipofika nikavaa kanzu, nikafunga na pini tatu mahali ambapo hapakuhitaji pini.

Tukaingia kwenye hema kwa heshima zote, wazee wamekaa, akina mama wamejipamba. Msemaji wa upande wa binti akasimama, mzee wa watu, miwani, sauti nzito. Tayari nilikuwa nimeyapanga maneno yangu: tumetoka mbali, tumeona ua zuri kwenye boma hili. Yeye akanitazama kutoka juu hadi chini, akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Mgeni wetu," akasema, "kabla hatujakukaribisha, hebu tusaidie. Kwenu Busia, leo ni siku gani?"

Kuanzia safu ya nyuma nikasikia hema linaanguka kwa kicheko, na katikati yake ile spika ya harusini, sauti ya juu kabisa.

Binti tumepewa. Suruali ipo kwa fundi, amenipigia kuuliza kama nataka aziunganishe au abaki na mbili. Na nyie mnaonitumia "Jumatatu njema" tangu saa kumi na mbili asubuhi, majina yenu nimeyaandika.