Jamani, vidoti havisogezwi kwa spesi

Pita Wandegeya, pale Kampala karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, kipindi wanafunzi wanakimbizana na dedilaini ya risachi, stashonari zimejaa, kila mtu na flashi yake mkononi, na ukichungulia skrini karibu kila faili la Word lina ugonjwa uleule: vidoti, yaani buleti za mwanzo wa kila kipengele kwenye orodha, vimesukumwa kwa spesi. Naomba sana hii tabia tuiache.

Iko hivi. Mtu anataka kidoti kisogee kidogo kulia, anagonga spesi, spesi, spesi mpaka macho yaridhike. Sentensi ikiwa ndefu mstari wa pili unarudi kushoto kabisa chini ya kidoti, basi anapiga Enter katikati ya sentensi na kuanza kusukuma upya. Kwenye skrini yake inapendeza. Halafu supavaiza anasema weka Times New Roman saizi 12 na hapo ndo balaa linaanza, kwa sababu upana wa spesi unafuata fonti, maneno yanahama ila zile Enter zinabaki palepale, sentensi zinakatika hovyo, ukurasa mzima unakuwa kama ngazi mbovu. Na kuprinti unalipia kila karatasi.

Wakati dawa iko humohumo ndani ya Word. Weka mausi juu ya kidoti chenyewe, sio kwenye maneno, bonyeza kitufe cha kulia, chagua "Adjust List Indents". Kuna kiboksi cha kidoti kikae wapi na kingine cha maandishi yaanzie wapi. Kawaida utakuta sm 0.63 na sm 1.27. Mi kwenye CV naweka kidoti 0 na maandishi 0.63, nafasi inaongezeka na inasomeka safi. Ukikubali, vidoti vyote vya ngazi ile kwenye orodha hiyo vinahama pamoja, hugusi kimoja kimoja.

Rula, ule mstari wenye namba juu ya ukurasa, nayo ni nzuri ukiwa na haraka: pembetatu ya juu inashika mstari wa kwanza, ya chini inashika mistari inayofuata, na kale kamstatili kanabeba vyote viwili. Ila inahamisha zile aya ulizochagua tu, kwa hiyo ripoti ndefu usiitegemee. Kama haionekani iko kwenye View. Mnaotumia LibreOffice badala ya Word nendeni "Bullets and Numbering", sehemu ya "Position".

Kinachoniuma zaidi ni hizi kozi za kompyuta. Mtu analipa ada, anafundishwa WordArt na kupaka herufi rangi, anatoka na cheti hajawahi kuambiwa zile pembetatu za rula ni za nini! Na huyohuyo ndo anaenda kutaipu minitsi za SACCO na barua za tenda, zinafunguliwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine, zinaongezwa neno moja tu na mpangilio wote unavurugika.

Wenye stashonari, nyinyi ndo mnaweza kubadilisha hili haraka kuliko yeyote. Faili likija limejaa spesi bonyeza Ctrl+Shift+8, kila spesi inajitokeza kama nukta na kila Enter inaonekana ilipo, futa zile spesi za kusukumia na Enter za katikati ya sentensi, weka buleti za kweli. Na fanya hivyo mteja akiwa amekaa hapo anaangalia, maana huyo atarudi na chapta ya pili.