Je, neema ni ya Wakristo peke yao?

Anayepanda daladala asubuhi Dar es Salaam amewahi kuisikia kauli hii. Mhubiri amesimama kituoni, spika ndogo begani, Biblia mkononi, na sauti imeshamkauka kabla ya saa mbili: "Dini zote ni mtu kumtafuta Mungu. Ukristo ni Mungu kumtafuta mtu! Wao wanahangaika na matendo, sisi tumeokolewa kwa neema!"

Mimi ni Mlutheri. Kauli hiyo niliipata darasani kwa mwalimu wa kipaimara, nikaikariri, na baadaye nikawafundisha wengine. Naifahamu inavyomwinua mtu aliyechoka kujilaumu. Lakini kadiri miaka inavyokwenda nazidi kuona kwamba ina sehemu mbili, na sehemu hizo hazina uzito sawa. Inavyosema kuhusu Ukristo ni kweli kwa kiasi kikubwa. Inavyosema kuhusu dini nyingine ni jambo tunalowasingizia majirani bila kuwauliza.

Aliyenifumbua macho ni bibi mmoja Mwislamu wa mtaani kwetu, mpika vitumbua. Alipofiwa na mumewe tulikwenda kumpa mkono wa pole. Tulikuwa tumeketi mkekani uani, na mgeni mmoja Mkristo, kwa nia njema kabisa, akamwambia: "Bibi, mzee alikuwa mtu wa swala tano. Matendo yake yatampeleka peponi." Bibi akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Swala ilikuwa wajibu wake. Peponi mtu haingii kwa swala yake, anaingia kwa rehema ya Mwenyezi Mungu. Hata Mtume mwenyewe alisema hivyo."

Na kweli alisema. Hadithi hiyo imo kwa Bukhari na kwa Muslim, wakusanyaji wawili mashuhuri wa hadithi za Mtume: Mtume Muhammad aliwaambia masahaba kwamba hakuna atakayeokolewa na amali zake. Wakamuuliza, hata wewe? Akajibu kwamba hata yeye, isipokuwa Mwenyezi Mungu amfunike kwa rehema yake. Bibi hakuwa ametunga faraja yake mwenyewe. Alikuwa anasema jambo ambalo mtoto wa madrasa hulisikia mapema, na sisi wahubiri wa neema hatukuwa na habari nalo.

Haki itendeke pande zote mbili. Uislamu una mizani ya matendo pia. Sura Al-Qaria inasema wazi kwamba ambaye mizani yake itakuwa nzito atakuwa katika maisha ya kuridhisha, na ambaye mizani yake itakuwa nyepesi makao yake ni Moto. Anayesema matendo yana uzito mkubwa katika Uislamu hajakosea. Lakini afungue na Mathayo 25, Mfalme anapowatenga kondoo na mbuzi. Wanapimwa kama walimlisha mwenye njaa, kama walimvika aliye uchi, kama walimtembelea mfungwa. Hakuna anayeulizwa habari za neema.

Hata neno lenyewe tunalolishikilia si letu peke yetu. Neema limetoka Kiarabu, na lilikuwa likitumika pwani hii kabla mmisionari Krapf hajafika Mombasa mwaka 1844. Waliotafsiri Biblia hawakuwa na haja ya kulibuni, walilikuta. Katika tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyotoka kamili mwaka 1969, Al-Fatiha inasomeka "njia ya wale uliowaneemesha". Ni mzizi uleule tunaousoma katika Waefeso 2: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema." Ndiyo maana mabinti wanaoitwa Neema utawakuta kanisani na utawakuta madrasa.

Ukitoka pwani yetu ukaenda mbali, kauli ya mhubiri inazidi kupata taabu. Japani, katika karne ya 13, alikuwepo mtawa wa Kibuddha aitwaye Shinran (1173–1263). Alikaa miaka ishirini mlimani Hiei, akifunga na kutafakari, na mwishowe akakiri kwamba juhudi zote zile hazikumsafisha moyo. Akashuka. Akawa mfuasi wa fundisho kwamba binadamu hawezi kujiokoa. Kwa fundisho hilo, ipo ahadi ya Buddha Amida ya kumpokea yeyote anayemtumaini katika Nchi Safi, yaani pepo yake, na kulitaja jina lake kwa imani ni shukrani ya aliyekwisha pokelewa, wala si kazi ya kujipatia thawabu. Shinran alifika mahali pa kusema kwamba ikiwa mtu mwema anapokelewa, basi mwovu zaidi, kwa sababu mwovu hana cha kutegemea ila ahadi. Msomee Mlutheri maneno hayo bila kumtajia jina la msemaji, atadhani ni Martin Luther. Wajesuiti, wamisionari Wakatoliki waliofika Japani katika karne ya 16, walishtuka kwa jambo hilohilo, wakaona kwamba uzushi wa Luther waliouacha Ulaya umewatangulia huko.

Kusini mwa India, nako, wafuasi wa Vishnu, mmoja wa miungu ya Wahindu, waligawanyika zamani juu ya swali hili, na mifano waliyotumia inaeleweka na mtoto. Upande mmoja ulisema wokovu ni kama mtoto wa tumbili: mama anamchukua, lakini lazima mtoto ajishikilie tumboni mwake. Upande wa pili ukasema ni kama mtoto wa paka: mama anamng'ata shingoni na kumbeba, mtoto hafanyi lolote. Naujua ubishi huo. Nimeusikia kati ya Wapentekoste na Walutheri mara nyingi, ila bila tumbili na paka.

Dini ya Kiyahudi, tunayoiita kwa haraka dini ya sheria, nayo haianzi na sheria. Katika Kutoka 20, kabla ya amri yoyote kutajwa, Mungu anajitambulisha: "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Kukombolewa kumetangulia. Amri zinafuata, kwa watu waliokwisha kutolewa utumwani. Mwaka 1977 msomi wa Agano Jipya E. P. Sanders alitoa utafiti mzito unaoonyesha kwamba Wayahudi wa wakati wa Paulo walielewa hivyo hasa: mtu aliingia katika agano kwa rehema ya Mungu, na utii ulikuwa namna ya kukaa ndani yake. Wasomi wanabishana naye mpaka leo katika mambo kadhaa, lakini picha ya Myahudi anayehesabu matendo yake kama mwenye duka ahesabuye senti haijapata kusimama vizuri tena.

Na sisi wenyewe je? Tulishindwa kukubaliana kuhusu neema kuanzia 1517, Luther alipoanzisha Matengenezo ya Kanisa. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa 1545 hadi 1563, uliwalaani waliofundisha kwamba mtu huhesabiwa haki, yaani hukubaliwa na Mungu, kwa imani pekee. Ilikuwa tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walipotia saini tamko la pamoja juu ya jambo hilo. Karibu miaka mia tano. Yakobo aliwahi kutuambia kwamba imani isiyo na matendo imekufa, na Luther hakuupenda waraka wake.

Linaloniumiza zaidi liko karibu kuliko Augsburg. Katika kanisa moja nililowahi kusali, mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa na degedege kila mara aliitwa mbele. Aliulizwa mbele ya watu wote kama fungu la kumi analitoa kamili. Alisema biashara imekuwa ngumu. Akaambiwa hapo ndipo adui alipopata mlango, apande mbegu, Bwana atajibu. Nilimwona akifungua fundo la khanga, akatoa noti iliyokunjwa mara nne, na mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nyuma ya mhubiri, ukutani, palikuwa na bango kubwa lenye maneno TUMEOKOLEWA KWA NEEMA. Sikusimama kusema kitu siku ile, na bado linanisumbua. Bibi mpika vitumbua, aliyesema mumewe ataingia peponi kwa rehema tu, alikuwa karibu na Waefeso 2 kuliko ibada nzima ile.

Kwa hiyo ukiniuliza mstari unaotenganisha rehema na kujipatia kwa juhudi umepita wapi, nitakuambia umepita ndani ya kila dini. Sijaona ushahidi kwamba unapita kati ya dini na dini. Na maneno yaleyale ya Waefeso 2 tunayoyatumia kujitenga na dini nyingine yanamalizika kwa "mtu awaye yote asije akajisifu."

Sasa nije upande wa pili, kwa sababu wapo wanaofika hapa wakahitimisha kwamba basi dini zote ni moja, njia nyingi kilele kimoja. Siwezi kwenda nao. Ukristo una jambo lake, ila kauli ya mhubiri imelifunika.

Jambo hilo ni mtu, na ni tukio lenye tarehe. Imani ya Mitume ina majina ya binadamu wawili tu mbali na Yesu: Mariamu na Pontio Pilato. Wa pili ni liwali wa Kirumi aliyetawala Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36. Anafanya nini katika ukiri wa imani unaosomwa kila Jumapili? Anaweka mhuri wa wakati. Kanisa linasema Mungu aliyeumba mbingu na nchi alikuwa mtoto wa mwanamke fulani, akauawa chini ya mtawala fulani, kwa adhabu waliyopewa watumwa na waasi. "Mauti, naam, mauti ya msalaba," anaandika Paulo, utafikiri yeye mwenyewe anasita kabla ya kulitamka neno la mwisho.

Hapo hutapata mwenzake kwa urahisi. Muumini wa Shinran hahitaji kuonyeshwa mwaka ambao Amida aliweka ahadi yake, wala imani yake haianguki mwaka huo usipopatikana. Wahindu wanafundisha kwamba Vishnu hushuka katika umbo la kiumbe, lakini hushuka tena na tena, kila uadilifu unapodhoofika, wakati Waraka kwa Waebrania unasisitiza mara moja tu. Uislamu unamheshimu Isa kwa heshima ambayo Wakristo wengi hawaijui. Unakiri kuzaliwa kwake na bikira, na mama yake ana sura nzima yenye jina lake. Kisha, katika Sura An-Nisaa aya ya 157, unasema hawakumwua wala hawakumsulubu.

Pingamizi la Kiislamu hapa ni zito na halistahili kujibiwa kwa kelele za spika. Linasema: Mungu akitaka kusamehe, anasamehe. Kwa nini damu? Na Kurani inasema zaidi ya mara moja kwamba mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Mkristo asiharakishe kujibu, maana Ezekieli 18 inasema hivyohivyo, kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Kama Yesu ni mtu wa tatu, asiye na hatia, aliyevutwa aadhibiwe badala ya wenye hatia, basi pingamizi limeshinda. Hiyo ingekuwa dhuluma.

Jibu pekee ninaloliona lina mguu wa kusimamia ni kwamba hakuwa mtu wa tatu. Aliyekosewa ndiye aliyebeba. Kila anayemsamehe mdeni wake analipa yeye mwenyewe lile deni, hasara inabaki kwake. Msalaba, kwa imani ya Kikristo, ni hasara hiyo imeonekana kwa macho. Lakini jibu hili linafaa tu ikiwa aliyekuwa msalabani alikuwa Mungu kweli. Asipokuwa Mungu, hoja yote inabomoka. Paulo hakuficha hatari ya namna hii, aliwaambia Wakorintho kwamba kama Kristo hakufufuka, kuhubiri ni bure na imani ni bure.

Karl Barth, mwanatheolojia wa Uswisi, aliandika mwaka 1938 kuhusu Ubuddha wa Shinran akakiri kufanana kwake na mafundisho ya Matengenezo ya Kanisa. Alikataa kujificha katika tofauti ndogondogo. Alisema kinachoamua ni kitu kimoja tu, jina la Yesu Kristo. Wapo wanaoona amekwepa, kwamba kutaja jina si hoja. Wana sababu ya kusema hivyo. Kuwa wa pekee hakumfanyi mtu awe mkweli. Ubuddha nao ni wa pekee kwa namna yake, na upekee huo haujamfanya Mkristo yeyote aukubali. Lakini naona Barth aliweka tofauti mahali inapokaa, na kuipima ukweli wake ni kazi nyingine.

Miezi kadhaa baada ya msiba nilikuwa nimeketi kwa bibi asubuhi, akigeuza vitumbua kwa kijiti. Akaniuliza kitu ambacho, alisema, alikuwa nacho siku nyingi. "Nyinyi mnasema Mungu alikufa. Siku hiyo aliyeshika mbingu ni nani?"

Nilimweleza ninavyojua: Baba, Mwana na Roho, na kwamba Mwana alikufa katika ubinadamu wake. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Mungu wangu hafi, mwanangu. Nategemea hilo."

"Mimi nategemea kwamba alikubali kufa, bibi."

Akaepua vitumbua, akaviweka kwenye chano. "Basi hapo tumeachana kweli," akasema. "Lakini lile la pepo na swala, msituzulie tena."