Bahasha Tano na Herufi Zangu

Shida yote ilianzia kwenye neno "tu".

Shemeji yangu, kaka yake mama watoto, anaishi Dar. Mwezi wa nne alinipigia simu akasema, "Shem, likizo ya Juni waleteni wajomba zangu waje wacheze kwenye yale maji ya kuteleza huku ufukweni. Kiingilio changu, pa kulala pangu. Nyie njooni na pesa ya matumizi tu."

Watu waliniuliza kwa nini nisingoje Desemba. Mwenye kuuliza hivyo hajakaa Moshi. Desemba huyo shemeji mwenyewe anakuwa huku, anakula mtori kwa mama yake na kutafuta pa kuegesha gari. Wachaga wote wanapanda mlima, sisi tushuke Dar tukapokelewe na nani, na mlinzi?

Basi nikajipanga. Mimi ni mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na kazi yangu kubwa ni kuhesabu misumari. Mtu anayehesabu misumari hawezi kushindwa na safari ya siku nne ya watu watano. Alhamisi usiku nikafunga mlango wa chumbani, nikapasua kibubu, nikapata shilingi 420,000, na siku iliyofuata nikazibadilisha kwa mwenye duka la kona zikawa noti safi. Kwenye simu sikutaka kuziweka. Zile tozo za miamala za 2021 ziliniachia uoga, na hata zilipopunguzwa, uoga wenyewe haukupunguzwa.

Sasa, siri ya pesa ya matumizi ni kwamba ukiiweka pamoja inakwisha pamoja. Kiingilio unakijua, nauli unaijua. Kinachomuua mzazi ni vile vidogo vya ndani: boya la kukodi, kabati la kufungia nguo, maji ya kunywa, lambalamba, picha ambayo mtoto kashapigwa na sasa unatakiwa kuinunua. Kwa hiyo nikagawa mafungu matano. Chakula 150,000. Usafiri wa mjini 60,000. Zawadi 50,000. Watoto 60,000, yaani kila mmoja 20,000 yake mwenyewe, akiimaliza asinitazame. Dharura 100,000.

Zilibaki bahasha. Dukani moja ilikuwa shilingi mia tu, lakini nikajiuliza, kwa nini ninunue wakati kabatini kuna rundo la bahasha za sadaka za mwaka jana, zimechapwa namba yetu ya usharika, hazijatumika? (Kwa nini hazikutumika, hilo tutalifikia.) Nikachukua tano. Na kwa kuwa mwizi naye anajua kusoma, sikuandika maneno kamili. Niliandika kwa penseli herufi ya mwanzo tu: CH, U, Z, W, D. Nikazipanga ndani ya Biblia yangu, kati ya Mambo ya Walawi na Hesabu, mahali ambapo kwa uzoefu wangu hakuna mtu nyumbani kwetu anayefika.

Mama watoto sikumwambia. Nilitaka akiuliza "tuna kiasi gani?" tukiwa ndani ya basi, nizitoe moja moja kama mcheza karata.

Safari ilikuwa Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Jumapili, yeye ni mwanakwaya, akatangulia na watoto ibada ya kwanza. Mimi nilibaki nafunga begi. Nikamaliza, nikavaa suruali yangu ya kitambaa, nikanyoosha mkono kabatini kuchukua Biblia. Hakuna Biblia. Ikanijia kwamba yake ilichanika jalada wiki iliyopita, na kwamba asubuhi nikiwa usingizini nilisikia sauti ikisema, "Naazima yako."

Sijawahi kwenda kanisani kwa kasi ile. Bodaboda aliniuliza, "Mzee, kuna msiba?" Nikamwambia, "Bado."

Nafika mlangoni, wimbo wa sadaka umeshika ubeti wa pili. Wanaojua kwetu wanajua: watu wanainuka benchi kwa benchi, wanakwenda mbele kwenye makapu, taratibu, hakuna anayempita mwenzake. Kwaya ndiyo hutangulia. Nikamwona mama watoto pale mbele, sare ya zambarau, bahasha mkononi kama mtu anayegawa kadi za harusi. Moja, ikazama kapuni. Ya pili. Nikaanza kupenya katikati. Mzee wa kanisa akanishika bega kwa upole, akaninong'oneza, "Taratibu, baba, kapu halikimbii." Ya tatu. Ya nne.

Kisha akageuka, akaniona, na macho yake yakajaa machozi. Miaka kumi na minne ya ndoa, hakuwahi kunitazama hivyo, hata siku ile ya madhabahuni. Nikajikuta natabasamu. Ungefanyaje?

Baada ya ibada aliniwahi nje, akanishika mikono yote miwili. "Mume wangu, kumbe ulikuwa unajikusanya kimyakimya! Mimi nakusema kila siku kwamba tangu Pasaka hujatoa pesa ya ahadi yako, kumbe umepanga kila kitu. Z, Zaka. U, Ujenzi. D, Dayosisi. W, Watoto wa shule ya Jumapili. Nilivyofungua Biblia nikaona zimepangwa na namba yetu juu, nikalia pale pale."

Naomba msomaji asimame hapa kidogo, azisome tena zile herufi. Mimi mwenyewe nilizisoma mara tatu kichwani, na kila mara zilikuwa sahihi.

"Na CH?" nikauliza, roho ikiwa kwenye uzi.

"Ile nimebaki nayo. CH si chenji?"

Nikashukuru Mungu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nikamwambia anisubiri hapo hapo, nikaelekea ofisi ya usharika.

Njiani nilikuwa natunga hotuba. Tatizo ni kwamba hakuna lugha ya kudai sadaka. Ukisema "nimekosea", maana yake kumtolea Mungu ni kosa. Ukisema "nirudishieni", hiyo habari itafika kwa mama mkwe kabla hujafika getini. Nikaingia nikiwa na sentensi moja tu, "Kuna jambo dogo kuhusu bahasha," lakini mhazini hakuniacha niimalize. Aliinuka kwenye kiti.

"Mangi! Leo umetushangaza. Hizo herufi zako sijazielewa, ila nimeziingiza zote kwenye ahadi yako." Akafungua daftari. "Uliahidi 300,000. Ulishatoa 40,000. Lilibaki deni la 260,000. Leo umetoa 270,000. Yaani una ziada ya elfu kumi!"

Nikaona mlango umefunguka, mdogo, lakini umefunguka. "Basi mhazini, hiyo elfu kumi..."

"Usijali," akasema, akiandika. "Nimeihamishia mwakani." Akanikatia risiti.

Nilipotoka, mnada ulikuwa umepamba moto. Kwetu watu hutoa sadaka ya mazao, ndizi, mayai, kuku, vinauzwa pale nje ya kanisa, na bei ya mnada haina uhusiano wowote na bei ya sokoni. Nikasikia sauti ya mke wangu. "Thelathini na tano!" Kuna mtu akasema thelathini na nane. "Arobaini!" Watu wakapiga makofi. Alikuwa amenunua jogoo, kwa chenji.

Nikamfikia huku najipa moyo. Jogoo ni jogoo, tutakwenda naye Dar awe zawadi, lile fungu la Z limepona kwa namna nyingine. "Yuko wapi?" nikauliza.

"Nimemrudisha mnadani. Wewe umetoa vile, mimi ningeondokaje na kuku?"

Jogoo aliuzwa tena kwa 55,000. Alionekana kuchoka.

Zikabaki 110,000. Halafu mchungaji alikuwa ametangaza kwamba familia yetu inasafiri kesho, tuombewe. Tukaombewa vizuri sana, kisha jioni nzima wakaja nyumbani waliotuombea, kila mmoja na mzigo "mdogo tu" wa kumpelekea mwanae Dar. Lile neno tena. Ndizi mikungu mitatu, sado ya maharage, parachichi gunia nusu, na dumu la lita tano ambalo mwenyewe alisema ni maziwa lakini lilikuwa linapumua. Stendi, kijana wa buti akautazama ule mlima, akasema elfu kumi na tano. 95,000.

Ukweli nilimwambia mama watoto tulipopita Mwanga. Alinyamaza. Nikadhani analia. Kumbe alikuwa anashikilia kicheko, kikamponyoka, na akacheka kutoka Mwanga hadi Same, mpaka abiria wa mbele wakageuka. Akijifuta macho akaniambia, "Ila risiti si unayo?"

Kati ya Moshi na Dar kuna kilomita kama 560, na zote nilizitumia kupanga upya. Basi liliposimama Korogwe ili watu wapate kula, sisi tulikula mayai ya kuchemsha na maandazi ndani ya basi, madirisha yamefungwa ili watoto wasisikie harufu ya chipsi. Kilichonunuliwa ni machungwa ya elfu moja. Kifungua mimba alisema kwa sauti, "Baba, hii ndiyo likizo au bado?"

Siku ya maji yenyewe, Jumatano, nilitoa amri mbili. Kwanza, kila mtu ashibe nyumbani, na wifi yake mama watoto akapika wali wa kutosha msiba. Pili, kabati la kufungia nguo halikodiwi, kabati ni mimi. Nilikaa kwenye ukingo wa bwawa na suruali yangu ya kitambaa, viatu vya ibada miguuni, taulo tano begani, magauni mapajani, simu tatu mifukoni. Watu walikuwa wakinipita wanasema "samahani" kama wanaokipita kinyago.

Watoto nao niliwapunguzia, badala ya 20,000 kila mmoja akapata 5,000. Wawili wakubwa wakapokea noti zao wakanuna kimya. Kitinda mimba, ana miaka mitano, yeye noti moja aliiona ni dhuluma. Alitaka hela "nyingi". Nikamtafutia jero kumi, zile sarafu za mia tano, akafurahi, akazitia zote kwenye mfuko wa kaptula ya kuogelea. Kaptula yenyewe niliinunua mtumba pale soko la Memorial, rangi nzuri, lastiki ndiyo ilikuwa imeshaona mengi.

Akaruka majini. Yeye akaibuka, kaptula haikuibuka.

Mama yake alikuwa huko juu kwenye bomba la kuteleza, anashuka huku anaimba wimbo wa kwaya. Mtoto yuko uchi katikati ya Dar es Salaam, analia, tena halilii vazi, analilia hela: "Hela zangu! Hela zangu zimezama!" Nikachungulia. Nikaziona, zinang'aa chini, nyingine zinabingirika kuelekea kwenye tundu la maji.

Nilipaswa kufikiri. Mimi nimekulia Kibosho, maji niliyoyazoea ni ya mfongo, yale ya mfereji wa kumwagilia migomba, yanafika kwenye goti na yana adabu. Lakini wakati huo nilikuwa nimeshapoteza laki mbili na elfu sabini, na jogoo, na mwili wangu ukakataa kupoteza jero hata moja zaidi. Niliingia na viatu.

Kuhusu kilichotokea majini nina maelezo yangu, na mwokoaji ana ya kwake. Yake ni mafupi: filimbi, akaruka, akanishika kwapani, akaniambia, "Mzee, simama." Nikasimama. Maji yalinifika kiunoni. Bwawa lilikuwa la watoto.

Tuliokota jero nane. Magauni yalikauka saa kumi, simu moja kati ya tatu haikukauka hadi leo. Fungu la dharura ndilo lingeshughulikia jambo kama hilo, ila lilikuwa dayosisi.

Shemeji alisikia mkasa wote usiku ule, akacheka mpaka akatoka nje kupunga upepo, kisha akatulipia nauli ya kurudi. Sikuuomba msaada huo, lakini pia sikuukataa kwa nguvu.

Jumapili iliyofuata nilikaa benchi la nyuma kabisa, mikono mitupu. Kwenye matangazo, mzee wa kanisa akasimama kusoma majina ya wajumbe wapya wa kamati ya fedha. Akasema kuna muumini mmoja ambaye bahasha zake ziliwafundisha wazee maana ya kupanga bajeti, kila fungu na herufi yake. Nikajifanya natafuta ukurasa wa wimbo. Akataja jina langu. Kule kwenye kwaya, mama watoto alikuwa amejifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yanatikisika. Waliokaa karibu naye walidhani ameguswa.

Kikao cha kwanza nilikwenda na hoja moja, ile elfu kumi. Mwenyekiti aliiweka kwenye mengineyo. Mpaka sasa tumekaa vikao vinne, na hatujawahi kufika kwenye mengineyo.