Kufuli Lilikuwa Kazini

Naona rafiki yangu ameniwahi kuwasimulia yaliyonikuta jana na pikipiki zangu. Amesema nililia. Sikulia. Amesema nilimwita mama. Hapo tuendelee tu.

Kwa wageni: nina pikipiki mbili. Babu ni Honda CG125, kilo mia moja hivi, pikipiki ya kizamani, ukiipiga kiki moja inaitika. Dubwana ni BMW R 1250 GS, kilo 249 ikiwa na mafuta, niliyoinunua mwezi uleule mlionikataza. Miezi mitatu nimewasumbua: niuze ipi, nibaki na ipi? Mmepiga kura, mmegombana, kuna wawili hawasalimiani mpaka leo kwa sababu ya kabureta. Mwisho nikaamua Babu aondoke, maana mtu wa safari ndefu hawezi kutegemea cc 125. (Safari yangu ndefu mpaka sasa ni kwenda kazini na kurudi. Msinichimbe.)

Basi jana mnunuzi akaja. Mtu mzima, mpole, ameongozana na binti yake mdogo. Tangazo langu alikuwa amelisoma neno kwa neno, hasa pale nilipoandika "haijawahi kuanguka."

Pikipiki zote mbili zilikuwa zimesimama bega kwa bega, Babu upande wa kulia. Mtu mwenye akili angemtoa Babu, kilo mia tu, akaiacha ile nyingine ilale. Lakini nilitaka mnunuzi ajue anauziwa na nani. Nikasema, "Samahani mzee wangu, ngoja nilisogeze hili," kwa sauti nzito ambayo si yangu. Nikasimama kushoto kwa Dubwana, nikashika usukani, nikapandisha stendi kwa mguu bila kuitazama, nikasukuma.

Hapa twende polepole.

Kila usiku nafunga kufuli kwenye diski ya breki ya mbele. Mimi ni mtu makini. Kufuli lile lilikuja na kamba ya rangi kali, unaivuta mpaka kwenye mkono wa usukani ili asubuhi mjinga akumbuke. Kamba yangu inafungia pazia.

Gurudumu likaenda shibiri moja, likasema "ko!", likakataa. Dubwana likasimama. Mimi nikaendelea.

Mwanzoni liliinama kidogo tu, kulia, upande nisiokuwepo, kama linawaza. Nikavuta. Likanikubalia! Nikapata hata muda wa kumtabasamia mnunuzi, lile tabasamu la "huwa linafanya hivi." Wenye pikipiki nzito mnaijua ile nyuzi moja ya mwinamo: kabla yake wewe umeishika pikipiki, baada yake pikipiki imekushika wewe. Tukaivuka. Mtaniuliza kwa nini sikuachia. Nami nimejiuliza usiku kucha. Nilining'inia kwenye usukani, visigino vikanyanyuka, kandambili moja ikabaki chini peke yake, na kichwani nikawa napiga hesabu: kioo, indiketa, mkono wa breki... ndipo nikakumbuka nani amesimama kulia.

Babu alikuwa ameegemea stendi yake, ameinamia upande wetu kama mzee anayetaka kusikia mazungumzo. Akasikia. Injini ya Dubwana ina silinda mbili zilizotokeza huku na huku kama masikio, lakini la mkuu halikusikia. Usukani ukaingia kwenye tanki la Babu, wakalala wote wawili taratibu, mmoja juu ya mwenzake, na mimi juu yao, kifudifudi juu ya siti, kama nguo iliyoanikwa. Lile neno "mama" lilitoka hapo. Lilitoka kwa heshima.

Kisha kimya. Petroli ikaanza kunukia. Nikiwa bado nimelala nikamwambia Babu, kwa sauti iliyosikika vizuri, "Samahani."

Binti akauliza, "Baba, anamwomba nani samahani?"

Baba mtu hakujibu. Binti akachuchumaa mbele ya gurudumu, akanyoosha kidole. "Hapa pana kufuli."

Mengine ni mafupi. Mzee wa watu akanionyesha namna ya kuinua: unaligeuzia mgongo, unachuchumaa, unashika usukani na chuma cha nyuma, unasukuma kwa miguu. Akaliinua Dubwana karibu peke yake, mimi nikiwa na kazi ya kutafuta kandambili. Babu: tanki limebonyea, mkono wa breki umekatika, kiki imepinda. Dubwana: kioo na mikwaruzo kwenye silinda. Mzee akanipa pole, akatazama ile kubwa, akauliza kwa adabu kabisa, "Na hii je, unaiuza?" Nikasema hapana. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikitika, wakaondoka.

Kura zenu nimezifuta. Siwezi kuuza yoyote mpaka nitengeneze zote mbili, na yule rafiki yangu anayepita akisimulia ndiye niliyetegemea kumkopa.

Tangazo la Babu nimelirekebisha lakini. Pale palipokuwa na "haijawahi kuanguka" sasa pameandikwa: "Haikuanguka. Iliangukiwa."