Tela Halina Injini, Litaharibika Nini?

Dodoma huwezi kununua kitu bila dalali. Nenda Kizota ukatafute hata ndoo iliyotumika, atatokea mtu akwambie "twende nikupeleke kwa mwenyewe", na huyo mwenyewe ukimfikia naye ni dalali. Wangu, wa tela dogo la kuvutwa na gari, alikuwa na sentensi moja kaikariri: "Mzee, tela halina injini, litaharibika nini?"

Halafu lilikuwa la Mzungu. Mjini hapa kila kinachouzwa mkononi kilikuwa cha Mzungu. Najiuliza walikuwa wanakaa wapi wote hao. Huyu eti alikuwa anavutia boti. Boti, Dodoma! Labda alikuwa anavua vumbi la Nkuhungu mwezi wa nane.

"Na tairi?"

"Mpya kabisa mzee, ona vinyweleo."

Vinyweleo vya mpira vipo, sikatai. Ila tairi lina tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, na lile lilisomeka 1411. Wiki ya 14, mwaka 2011. Mwanangu yuko kidato cha kwanza. Kwa adabu za nyumbani kwetu, tairi lile inabidi aliamkie.

Nikafanyiwa punguzo la tairi, nikalipeleka kwa fundi. Fundi akang'oa kofia ya habu, pale katikati ya gurudumu, akachota grisi kwa kidole, akaisugua taratibu huku ananitazama. Ikakwaruza. Mchanga mtupu. Beringi zenyewe zimegeuka rangi ya bluu kwa kuungua. "Bosi, hizi Dodoma hupati, ni za Gerezani kule Dar. Tuma hela, na ya kutolea."

Siku hizi treni ya umeme inatoka Dar inafika huku hujamaliza kusinzia. Beringi zangu zikapandishwa basi, na basi lenyewe kila nikipiga simu liko Gairo.

Akaja fundi umeme. Huyu ni msomi, akaanza na somo: njano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu breki, nyeupe ethi, yaani waya wa kurudishia umeme. Sawa mwalimu. Kufungua, nyaya zote nyeusi, kasoro mmoja wa maua maua uliotoka kwenye pasi. Ethi hakuna. Ndiyo maana nilikuwa nikiwasha indiketa ya kushoto, taa zote za nyuma zinakonyeza watu. Mke wangu hasemi neno, anapita tu na ndoo yake: "Pole na tela."

Kadi nayo! Tela lina kadi yake na namba yake, usidhani linasafiria namba ya gari. Jina kwenye kadi si la dalali, si la aliyeniuzia, wala si la aliyemuuzia yeye. Kila aliyepita katikati hakubadilisha jina kwa sababu "ni tela tu". Mwenye jina kahamia Tabora. Nikampigia, nikamwamkia, nikamweleza kuhusu mkataba na wakili. Mzee wa watu mstaarabu kweli, yuko tayari hata kesho, nimtumie tu nauli.

Na ya kutolea.

Sasa limekaa sawa, nimebandika hadi rifrekta. Ghafla mtaa mzima una mizigo. Viti vya msiba, magodoro, shemeji kakumbuka ana mahindi Kibaigwa. Huyo shemeji anarundika magunia yote nyuma ya ekseli, tela linaanza kucheza mkia barabarani, halafu ananiuliza mimi nimenunua kitu gani hiki.

Jana jirani kagonga geti asubuhi, mpole kupita kiasi. "Mbukwa, baba Neema! Nilikuwa naomba lile tela, nikachukue mpunga wangu Bahi."

"Una gari la kulivutia?"

Akageuka akalitazama gari langu, akanitazama mimi.

"Si hili hapa, kaka? Mafuta tutaangaliana."