Mashine ya kuchana karatasi nyumbani: jiko lipo, ya nini tena?

Wiki iliyopita nilinunua karanga za kukaanga karibu na stesheni ya reli hapa Tabora. Nilipomaliza kula, nikaikunjua karatasi aliyofungia muuzaji. Kilikuwa kivuli cha fomu ya mkopo: jina kamili la mama mmoja, namba ya simu, sahihi, na namba ya NIDA yenye tarakimu zake zote 20. Tarakimu 8 za mwanzo za namba hiyo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo hata umri wake niliujua. Nikaitia mfukoni, nikaenda kuichoma nyumbani.

Karatasi ile imenifanya niitazame upya mashine ya jirani yangu, mwalimu mstaafu, ambaye mwanawe amemletea kutoka Dar es Salaam mashine ndogo ya kuchana karatasi, wengine huiita shreda. Si ile ya steshenari yenye kisu cha mkono cha kunyooshea kingo. Hii unaingiza karatasi juu, vipande vinaangukia kwenye kapu chini. Mtaani watu wanauliza: jiko la mkaa lipo, mashine ya nini?

Wanaouliza hivyo wana hoja nzito. Karatasi ikishakuwa majivu hakuna wa kuisoma, lakini mashine inabakisha vipande, na vipande huunganishika. Mwaka 1979, ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulipovamiwa, nyaraka nyingi zilikwishapitishwa kwenye mashine. Wairani walizikalia zile tepe, wakazipanga upya moja baada ya nyingine, kisha wakazichapisha vitabuni. Mashine nyingi za bei ya chini bado zinakata tepe za namna hiyo. Katika viwango vya Ujerumani vinavyotumika kupimia mashine hizi, daraja P-2 linaruhusu utepe wa upana wa hadi milimita 6. Karatasi ya A4, yenye upana wa milimita 210, inatoa tepe 35 tu. Mwenye subira na gundi atazimaliza. Daraja P-4 hukata kwa urefu na kwa upana, kipande kisizidi milimita za mraba 160, na karatasi ileile inakuwa vipande karibu 400. Anayeamua kununua aulize hilo kabla hajauliza bei.

Lakini moto nao tunausifu kupita kiasi. Anayewashia mkaa hutumia karatasi mbili tatu. Rundo la miaka sita ni kazi nyingine: ukilitupa bunda zima, kingo zinaungua, katikati zinabaki kurasa zinazosomeka vizuri mpaka uchokoe na kijiti. Kiangazi upepo wa hapa unabeba cheche hadi kwenye nyasi kavu za jirani. Risiti nyingi za EFD na za mashine za benki ni karatasi inayoandikwa kwa joto, na nyingi zina kemikali za jamii ya bisfenoli. Mimi siwezi kuziwasha chini ya sufuria ya ugali wa watoto. Na aliyepanga chumba na sebule, uani wanapika watu wa familia nne, atachomea wapi bila ugomvi?

Mashine ina adha zake pia. Ndogo hizi hupokea karatasi chache kwa mara moja, zinafanya kazi dakika chache kisha zinataka kupoa, na ukilazimisha inakwama hadi uirudishe nyuma kwa swichi. Meno yanahitaji mafuta mara kwa mara. Umeme ukikatika unangoja. Kikubwa kuliko vyote ni vidole vya watoto: ikimaliza kazi ichomolewe kwenye soketi na iwekwe juu, bila mjadala.

Nikipima yote, nyumba ya kawaida haina haja nayo. Bili za maji na madaftari ya shule havihitaji mashine. Karatasi chache zenye namba za siri unaziloweka usiku kucha, unazivuruga kwa mkono hadi ziwe uji, unatupa. Ni bure na hakuna moshi.

Kwa mwalimu jibu ni tofauti. Yeye ni katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku, na sebule yake ndiyo ofisi. Mle ndani kuna fomu za pembejeo za watu wengi, zenye majina, akaunti za benki na vivuli vya vitambulisho. Hizo si karatasi zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu wanaokusanya taarifa za wengine, na kuzitunza salama kunaendelea hata siku ya kuzitupa. Kwake, kwa mweka hazina wa VICOBA na kwa wakala wa fedha anayelala na madaftari ya wateja, naiona mashine kuwa haki ya wale walioandikwa humo. Vipande mkewe anafungia chupa za asali zinazopanda basi kwenda Dar es Salaam.

Hata hivyo, ile fomu ya karanga sidhani ilitoka sebuleni kwa mtu. Tunapeleka vitambulisho vyetu steshenari, kivuli cha kwanza kinatoka na mstari mweusi, kinatupwa kwenye boksi chini ya meza, tunachukua cha pili na kuondoka. Boksi likijaa linauzwa kwa kilo. Hapo ndipo ningependa kuiona mashine ya mwalimu kuliko nyumbani kwa yeyote kati yetu, kwa sababu boksi moja la steshenari lina watu wengi kuliko mtaa mzima.

Mwenye wasiwasi kuhusu laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA apige *106# aangalie. Mimi tangu siku ile, nikitoa kivuli kikiharibika, nakiomba na kukilipia. Kijana wa steshenari alishangaa mara ya kwanza. Sasa ananipa kabla sijaomba.