Pam Ana Kamera, Dada wa Mapokezi Ana Nani?

Kijana wetu wa kompyuta alileta The Office kwenye flashi, misimu yote tisa, na kwa karibu mwezi mzima tumekuwa tukiitazama saa ya chakula. Ofisi yetu ni ndogo, ipo ghorofa ya pili huku mjini, inashughulika na kutoa mizigo bandarini. Siku ya tatu tu, dada wa uhasibu alisimama katikati ya kipindi, akabeba sahani yake ya wali maharage na kusema: "Mimi hiki siangalii tena. Huyo bwana nimeshafanya naye kazi." Tulicheka. Yeye hakucheka, na kweli hakurudi tena kutazama.

Tangu siku hiyo ubishi haujaisha. Upande mmoja wanasema ni vichekesho tu, dada amechukulia kwa uzito kupita kiasi. Upande wa pili wanasema kipindi kile kinatuzoesha kuchekea mambo ambayo hayafai kuchekewa. Pande zote mbili zina hoja, na kwa muda nilikuwa nayumba katikati. Sasa nimepata pa kusimama.

Kwa asiyekijua: The Office ya Marekani ilirushwa na NBC kuanzia Machi 2005 hadi Mei 2013. Imejengwa juu ya ile ya Uingereza iliyoanza BBC mwaka 2001, kazi ya Ricky Gervais na Stephen Merchant. Mahali ni tawi la kampuni ya kuuza karatasi, Dunder Mifflin, katika mji wa Scranton, jimbo la Pennsylvania. Meneja ni Michael Scott, aliyeigizwa na Steve Carell, mtu anayetaka apendwe na kila mfanyakazi na asiyejua wakati wa kunyamaza. Mapokezi yupo Pam, mwenye mchumba anayefanya kazi ghalani chini. Meza chache mbele yake yupo Jim wa mauzo, anayempenda Pam na kulificha hilo chini ya masihara. Yote yanapigwa kana kwamba kuna watu wanaotengeneza filamu ya kweli kuhusu ofisi hiyo. Wahusika wanajua kamera ipo, na mara kwa mara wanaigeukia.

Hilo la kuigeukia kamera ndilo ninalotaka kulizungumza. Lakini kwanza nianze na kitu chetu wenyewe, utani.

Sisi hatuhitaji kufundishwa utani. Wazaramo na Wanyamwezi wana wao, Wapare na Wachaga wana wao, na Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi. Mtani anaweza kuja msibani akajilaza kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado yanawatoka. Anaruhusiwa kusema ambayo ndugu hawezi kuyasema. Lakini utani una sheria moja ambayo hata mtoto anaijua: ukinitania, nami nina haki ya kukutania. Leo umekuja kwenye msiba wangu, kesho nitakuja kwenye wako. Ukiondoa haki hiyo ya kujibu, kinachobaki siyo utani hata kama watu wanacheka.

Sasa mtazame Michael. Kwenye kipindi cha kwanza kabisa, mbele ya kijana mgeni aliyekuja kufanya kazi ya muda, anamwita Pam na kumwambia amefukuzwa kazi kwa kuiba vikaratasi vya kubandika vya ofisi. Ni mzaha. Pam hajui. Anajitetea, kisha anaanza kulia, na Michael anapomwambia kuwa ilikuwa utani tu, Pam anamwambia ukweli kuwa yeye ni mtu mbaya, anatoka. (Onyesho hilo limetoka kwenye ile ya Uingereza, ambako David Brent anamfanyia Dawn kitu kilekile.) Meneja anaweza kumtania karani kwamba amemfukuza. Je, karani anaweza kumtania meneja kwamba amemfukuza? Hawezi, na hata akijaribu haitachekesha, kwa sababu maneno yake hayana uwezo wa kufukuza mtu.

Wanaokitetea kipindi wanasema hapo ndipo penye ubora wake. Hakuna vicheko vya kurekodiwa vya kukuambia "hapa cheka". Kamera inabaki kwenye uso wa Pam muda mrefu kuliko unavyopenda, mpaka wewe mtazamaji unajisikia vibaya kwa niaba ya Michael. Wanasema mtu aliyewahi kuonewa ofisini bila kuwa na jina la kile alichofanyiwa, hapa anaona kimeonyeshwa waziwazi na kimeonyeshwa kuwa ni upuuzi. Nakubaliana nao. Sijui mhadhara wowote wa maofisa utumishi ambao ungemweleza bosi aina ile kwa usahihi huo. Msimu wa pili, mwaka 2005, kuna kipindi kizima ambamo makao makuu yanatuma watu kuja kukumbusha kanuni za unyanyasaji wa kijinsia. Michael anajiona yeye ndiye anayeonewa, anatafuta mwanasheria wake. Anatulia pale anapoelezwa kwamba wanasheria wa kampuni wapo kumlinda na yeye pia kwa kuwa ni meneja. Jambo hilo linapita haraka kama kichekesho kidogo, lakini mimi naliona ni sentensi nzito kuliko zote za msimu ule.

Na kuna kamera. Michael akishasema lake, Pam anainua macho, anaitazama kamera nusu sekunde, anarudi kwenye kazi yake. Jim naye hufanya hivyohivyo. Lile jicho ndilo jibu. Haki ya kujibu ambayo cheo kimemnyima, kamera imemrudishia, na mamilioni ya watu wanalipokea jibu lake. Kwa hiyo ndani ya tamthilia, mzaha wa Michael unarudi kuwa utani: amepiga, amepigwa. Ndiyo maana tunaweza kucheka na dhamiri ikatulia.

Hapo ndipo ninapoachana na watetezi, kwa sababu jibu lenyewe halimfikii Michael. Linatufikia sisi. Tunakwenda kulala tukiwa tumeridhika kwamba haki imetendeka, na Pam kesho saa mbili yupo palepale mezani.

Ofisini kwetu hakuna kamera. Kila asubuhi bosi akiingia, dada wa mapokezi anasimama.

"Shikamoo bosi."

"Aaah, mke hamwamkii mume wake shikamoo. Umeona wapi?"

Watu wanacheka. Yeye anatabasamu, anaangalia chini, anavuta daftari la wageni na kulifungua ukurasa ambao hauna chochote cha kuandika. Nimelitazama daftari hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ana miaka 24, mkataba wake ni wa miezi sita sita, anatoka Mbagala na kupanda magari mawili. Ninaposema watu wanacheka, nami nimo.

Wale wenzangu wa upande wa "ni utani tu" wananiambia bosi hana nia mbaya, na kwa jinsi ninavyomjua nadhani ni kweli. Hajawahi kumwomba kitu. Angemwomba, mambo yangekuwa na jina: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamgusa mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira au upendeleo wowote, na TAKUKURU wanapokea malalamiko hayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo, katika kifungu cha 7, inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi. Sheria zipo. Lakini dada huyu akaandike nini? Kwamba ameitwa mke? Huku mjini dereva wa bodaboda anakuita shemeji, muuza mitumba anakuita mchumba. Atakayelalamika ataambiwa hana ucheshi, na mkataba ukiisha Desemba hakuna atakayelazimika kueleza kwa nini haukuongezwa.

Basi je, waliosema kipindi kinatuzoesha wana haki? Kiasi. Hoja yao yenye nguvu siyo kwamba Michael anaonyeshwa. Ni kwamba anapendwa. Ile ya Uingereza ilikuwa na vipindi 12 na nyongeza ya Krismasi mwaka 2003, ikaisha. David Brent alipunguzwa kazi mwishoni mwa awamu ya pili, akabaki anaomba asiondolewe. Ya Marekani ilipaswa kuishi miaka, na huwezi kuishi miaka na meneja ambaye watu hawampendi. Kwa hiyo wakampa moyo. Msimu wa tatu Pam anaweka michoro yake kwenye maonyesho, wenzake wengi hawaji, Michael anakuja, anaupenda mchoro wa jengo la ofisi yao na kuununua. Pam anamkumbatia. Ni onyesho zuri kweli, na nilipoliona nilimsamehe yote. Nikakumbuka kwamba bosi wetu alimlipia dada wa mapokezi bili ya hospitali ya mama yake. Wema wote huo ni wa kweli. Na kesho yake asubuhi: "Mke wangu, mama anaendeleaje?" Sasa hapo atamjibu nini mtu aliyemtibia mama?

Nimejaribu kipimo kingine. Mapenzi ya ofisini yakiharibika, nani anahama? Jan, mkubwa wa Michael kutoka makao makuu, anaingia naye kwenye mapenzi, wanafika hatua ya kutia saini karatasi za kampuni za kuutangaza uhusiano huo. Mwisho wa msimu wa tatu Jan anapoteza kazi. Ni kweli alikuwa amelegea kazini, tamthilia inalieleza hilo. Holly, ofisa utumishi, anapendana na Michael, makao makuu yanagundua, na anayehamishiwa tawi la Nashua ni Holly. Michael haondolewi kwenye kiti chake kwa ajili ya mapenzi; mwisho anaondoka kwa hiari mwaka 2011, akiagwa kwa machozi, akimfuata huyohuyo Holly. Sidhani waandishi walikuwa na nia ya kutuonyesha hilo kama somo, lakini wanawake wawili wamehama na mwanamume ni yuleyule. Wenzangu niliowaonyesha hesabu hii walinyamaza kidogo, kisha mmoja akasema, "Mbona hata huku kwetu ndivyo." Ndiyo.

Lakini kwa haki, kipimo hichohicho kinamsafisha Jim, ambaye upande wa lawama unamshambulia sana. Wanasema ni mwanamume anayemwandama mchumba wa mtu, na vijana wetu watajifunza kwamba "hapana" maana yake "endelea". Kwenye kipindi cha mwisho cha msimu wa pili, Mei 2006, Jim anamweleza Pam pale nje kwenye magari kwamba anampenda. Pam anasema hawezi. Baadaye ndani wanabusiana. Na hatua inayofuata ya Jim ni kuhamia tawi la Stamford. Ameondoka yeye. Hakumfanya Pam ahesabu hatua zake akipita mbele ya meza yake kila siku.

Hata kabla ya hapo kuna jambo dogo ninalolipenda. Pam anagundua kwamba kuna mtu alimpelekea malalamiko ofisa utumishi kuwa anapanga harusi yake saa za kazi. Anaghadhibika. Aliyelalamika ni Jim. Sisi tunaopitishiwa kadi za mchango, za sendofu na za kitchen party kila mwezi mezani tunajua harusi inavyoweza kuijaza ofisi. Lakini Jim hakuwa analalamikia muda. Alikuwa hana mahali pengine pa kulipeleka lile lililomkaa kifuani, akalipeleka kwenye fomu. Hilo ni la aibu, na ni la watu wawili walio karibu sawa kicheo, na kila mmoja anaweza kumjibu mwenzake. Pam alimjibu. Aibu ya namna hiyo nitaicheka mwaka mzima.

Kwa hiyo jibu langu kwa dada wa uhasibu, ambaye bado anakula peke yake kule uhasibuni, ni kwamba yuko sahihi kuhusu Michael, na kipindi kiko sahihi kuhusu Michael pia. Kosa linaanza kwetu, pale tunapojigeuza kamera. Tunamwona dada, tunamwonea huruma kwa macho, tunarudi kwenye kazi zetu.

Mtu mmoja tu ofisini kwetu aliwahi kufanya vingine. Dereva wetu ni mzee wa Kizaramo, ana zaidi ya miaka sitini, na bosi mwenyewe humwamkia shikamoo. Asubuhi moja alikuwa amekaa kwenye benchi la wageni anasubiri nyaraka za kontena. Bosi akaingia na lake la kila siku. Mzee akasema bila hata kuinua kichwa: "Bosi, mke unaye, lakini mahari sisi hatujaiona. Tuletee tule, ndipo umwite hivyo." Ofisi nzima iliangua kicheko, bosi naye, na dada wa mapokezi alicheka kwa mara ya kwanza meno yakaonekana. Kwa kama wiki mbili hivi bosi alimwita kwa jina lake.

Kisha akaja binti wa fildi kutoka chuoni. Siku yake ya pili aliambiwa yeye ni mke mdogo. Mzee alikuwa bandarini tangu alfajiri. Nilisema mimi, na sauti haikutoka vizuri: "Bosi, na wa huyu mahari yake bado." Hakucheka. Alinitazama, akaniuliza faili la makontena ya juzi limefikia wapi, nikainuka kulitafuta.